Majina ya Shangazi Zangu katika Bustani ya Beni

Munisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Nilimaliza shule ya msingi tu, tena mwaka wa mwisho nilikosa majuma mengi kwa sababu ya kuvuna maharagwe. Ninaandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima, na mjukuu wangu akipita nyuma yangu anasema, "Koko, uko unaandika ama uko unachora?" Ninamwambia ninachora.

Nimeambiwa kwamba ninyi vijana munaotembeza wageni, huko Beni na hapa Butembo, kuwaonyesha ndege na miti, munataka kujua sisi wazee tuliifanyaje kazi hiyo. Mimi niliifanya. Nilitembeza watu katika bustani ya serikali ya Beni, saa sita ya mchana, miaka ile ya kwanza ya uhuru, uasi ulipokuwa unakaribia. Sitawaeleza kwa mpango, kwa sababu kichwa changu kinarukaruka. Lakini kuna jambo moja lazima nilifikie: jinsi nilivyomtia mtu mwema kwenye cachot, kifungoni kwa askari, kwa sababu ya haya yangu, na ilibaki kidogo tu apigwe risasi.

Tuanze na saa sita, maana najua mutacheka. Kila anayejua ndege anajua kwamba saa sita ni saa mbaya. Beni si kama Butembo yetu ya baridi. Kule jua la mchana linakukalia kichwani kama mzigo wa kuni. Ndege anaingia ndani ya majani, anafungua mdomo, ananyamaza. Ukimfuata unachoka bure. Aliyenifundisha la kufanya ni Papa Mbusa, mkubwa wa sisi watunza bustani, mtu mfupi aliyekuwa akiongea na majembe zaidi kuliko na watu. Aliniambia, "Ndege wa saa sita hatafutwi. Anangojewa kwenye maji."

Alichukua mukebe wa maziwa, akautoboa chini kwa msumari, akapitisha uzi wa nguo kuukuu katika lile tundu. Akaujaza maji, akauning'iniza kwenye tawi, juu ya beseni pana la saruji lililokuwa na mchanga ndani. Maji yakafuata uzi, tone moja, kimya, tone jingine. Musiweke beseni lenye kina. Ndege mdogo anaogopa kuzama kama vile mimi ninavyoogopa mto Semliki. Na tone lianguke kutoka juu kiasi cha mkono wa mtu mzima, ili mlio wake usikike. Ndege anausikia mlio huo kabla ya kuyaona maji. Nimeona vijana siku hizi wanapiga sauti ya ndege kwenye simu, naye anakuja mbio. Ndiyo, anakuja, lakini anakuja na hasira, akidhani mwenzake amemwingilia nyumbani. Ndege wa kwenye maji anakuja kwa haja zake, na ukikaa vizuri anaoga mbele yako.

Kukaa vizuri nako ni kazi. Mgongo kwenye mti. Jua nyuma yako. Nguo nyeupe hapana. Usimtazame ndege usoni kwa muda mrefu. Ukimkazia macho anajua una njaa. Wakati fulani karani mmoja wa bureau, ofisi ya serikali, alikuja na pafyumu mpya. Sikuona tatizo kwa ndege, lakini nyuki walimpenda sana, na siku hiyo hatukuona chochote ila mgongo wake akikimbia.

Sasa nieleze kwa nini watu wa bureau walikuwa wakitembea juani badala ya kulala.

Baada ya uhuru walitumwa kwetu wakubwa kutoka majimbo mengine. Mmoja alikuwa Monsieur Anselme, agronome, yaani bwana shamba, mtu wa Kasai, mrefu, mwenye suruali iliyopigwa pasi kila siku ya Mungu. Bustani iliwekwa chini yake. Wenzake wengi walikuwa kama yeye: wake na watoto wamebaki mbali, nyumba tupu, na kuanzia kengele ya saa sita hadi ya saa nane hawana la kufanya. Kabla ya matembezi walikuwa wakikaa kwenye veranda ya bureau na kusikiliza redio. Uasi ulikuwa umeanza mbali, kisha ukawa si mbali. Swali lilikuwa lile lile kila mchana: "Wamefika wapi?" Mmoja anasema mji fulani, mwingine anasema wameshaupita. Mtu anaanza sahani yake ya wali na haimalizi. Nilikuwa nikipalilia maua chini ya veranda ile na niliona miguu yao kupitia nguzo. Hakuna mguu uliotulia.

Siku moja Monsieur Anselme alifunga redio ile, akasema, "Basi. Kesho saa sita tunaenda kuangalia ndege."

"Ndege wa nini?" wakamwuliza.

"Wa hapa hapa. Kakule anawajua. Niliona anavyoongea nao."

Kakule ni mimi. Wala sikuwa ninaongea nao. Nilikuwa nikiimba polepole ili nisisikie redio.

Vijana wangu, lazima mujue nilivyokuwa. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina ndevu, nina mikono ya kubeba gogo, lakini mtu wa bureau akiniambia bonjour ulimi wangu ulikuwa unalala chini. Nilitoka Kalunguta, shambani, nikaja kufyeka majani ya serikali. Na sasa ninapewa watu saba, wanane, wenye tai shingoni, nitangulie mbele yao. Nilitangulia. Nikawapeleka kwenye mukebe wa Papa Mbusa, nikawaonyesha kwa mkono wakae, nao wakakaa, na ndege wakaja. Hadi hapo ilikuwa vizuri sana. Kisha Monsieur Anselme akatoa daftari, akanong'ona, "Huyu anaitwaje?"

Alikuwa yule mweusi na mweupe anayetembea kando ya maji huku mkia wake unapanda na kushuka. Nilimjua maisha yangu yote. Nilijua anajenga wapi, anakula nini, anamfukuza nani. Lakini jina? Nyumbani tulisema enyunyu tu, ndege, tukaendelea na jembe. Labda nyanya yangu alikuwa nalo jina lake. Sikumwuliza.

Ningesema "sijui." Ni neno fupi. Lakini macho yao yote yalikuwa yananitazama, macho ya watu waliosoma, na mimi nikamtazama ndege akitikisa mkia, nikamwona shangazi yangu Mbambu. Shangazi Mbambu alikuwa akitembea hivyo hivyo akienda kugombana na jirani.

"Mbambu," nikasema.

"Mbambu," akarudia Monsieur Anselme, akaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri sana. Nilipouona uongo wangu katika mwandiko ule ukafanana na ukweli, na mimi mwenyewe nikauheshimu.

Basi njia ilikuwa imefunguka. Wale wenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, wanaopiga kelele pamoja tangu alfajiri, wakawa Kahindo, kwa sababu shangazi Kahindo alikuwa haachi mtu amalize sentensi. Yule mwekundu kama udongo, mwenye mkia mrefu unaoburuta hewani nyuma yake kama kitenge kilicholegea, akawa Biira. Biira alikuwa shangazi yangu mdogo, mzuri wa sura, hakukaa mahali pamoja. Mtu wa Kasai angejuaje? Kwao hakuna Mbambu wala Biira. Aliandika yote, pamoja na saa na mahali, kama alivyofundishwa shuleni kuandika juu ya mihogo.

Aliyejua alikuwa Mama Masika. Alikuwa fundi wa kushona, mashine yake ilikaa kwenye baraza linalotazama geti la bustani, na mchana akichoka anafuata matembezi yetu akiwa na sindano zimechomekwa kifuani. Siku ya kwanza aliyoyasikia majina alifunika mdomo kwa khanga hadi machozi yakamtoka. Watu walidhani ameguswa na uzuri wa ndege.

Tulipotoka akanivuta sikio. "Weye Kakule! Umebatiza ndege kwa jina ya batu ya kwenu?"

"Mama, usiseme."

"Nitasema nini? Na mimi uniweke. Iko ndege mwenye matako makubwa? Umuite Masika."

Hakusema kwa mtu. Alicheka peke yake miezi mizima.

Na matembezi yalikuwa mazuri, sitaki mudhani vingine. Watu walirudi bureau saa nane wakiwa wametulia kidogo. Walianza kubishana juu ya Kahindo badala ya kubishana juu ya waasi. Karani wa pafyumu alikuja kunitafuta asubuhi moja kunieleza kwamba amemwona Biira nyuma ya choo cha nyumba yake, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepata barua. Kila walipolitaja jina mimi niliinama kung'oa jani. Nilijiambia nitasema Jumatatu. Jumatatu zilikuja nyingi.

Kisha jeshi likaja. Waasi walisemekana wako siku chache tu kutoka kwetu, na askari wakajenga camp yao upande wa pili wa uzio wa bustani. Commandant wao alikuwa mtu wa Équateur, mzito, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Barabara zikawekewa vizuizi. Watu wakaanza kutazamana. Jirani aliyekuwa akikuuliza hali sasa anakuuliza unaenda wapi. Tukaambiwa watu wasikusanyike, lakini Monsieur Anselme alisema matembezi si mkusanyiko, ni kazi ya bureau, naye ana daftari la kuonyesha.

Lile daftari.

Mchana ule tulikuwa watano. Hatujafika kwenye maji, askari wakatokea kati ya miti. Walianza na jumelles za Monsieur Anselme, darubini ambayo mkubwa wa zamani aliisahau, yenye jicho moja tu linaloona. "Unaangalia nini camp yetu na jumelles?" Monsieur Anselme alijibu kwa upole, akatoa daftari lake, akampa caporal. Alimpa mwenyewe, kwa kuamini kwamba daftari litamtetea.

Caporal alikuwa mtoto wa Lubero. Munande, kabila moja na mimi. Akafungua, akasoma kwa sauti, kidole chini ya mstari:

"Saa sita na robo. Mbambu, mmoja, kando ya maji, anatembea-tembea. Kahindo, watatu, karibu na uzio wa camp, kelele nyingi. Biira amepita peke yake, haraka, ameelekea barabara ya Mavivi."

Akarudia mstari wa mwisho. Kisha akamwita commandant.

"Mon commandant, huyu anasema iko ndege. Hii haiko jina ya ndege. Hii iko jina ya batu. Banamuke ya kwetu. Kwetu Biira iko bamingi."

Commandant alimtazama agronome juu hadi chini, hadi kwenye ile suruali ya pasi. "Donc, Biira alienda Mavivi. Alibeba nini?"

"Mon commandant, Biira ni ndege. Ana mkia mrefu."

"Ndege anaitwa kama bibi ya mutu? Mais, weye unanidharau? Nani alikupa majina?"

Monsieur Anselme alinigeukia. Hakuninyoshea kidole. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeomba kupitishiwa chumvi, "Kakule, waeleze."

Nikatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kukatwa kwenye tairi, na kulikuwa na siafu mmoja amebeba bawa la kumbikumbi anapanda juu ya kiatu cha kushoto. Nilimtazama siafu yule. Niliogopa bunduki, ndiyo. Lakini sitawadanganya tena: bunduki haikuwa hofu kubwa. Hofu kubwa ilikuwa kwamba Monsieur Anselme angesikia, mbele ya wenzake, kwamba mwandiko wake wote ule ulikuwa shangazi zangu.

"Huyu hajui kitu," akasema caporal. "Ni mutu ya jembe."

"Kanga ye," akasema commandant. Mufungeni. Wakamfunga Monsieur Anselme mikono kwa kamba ya katani na kumpeleka camp. Hakugeuka. Sisi wengine tukafukuzwa.

Nilirudi kwenye maua. Nilipalilia kitalu kile kile mara mbili, mara ya pili nikang'oa maua. Papa Mbusa akaja akaninyang'anya jembe.

"Wanasema kesho watampeleka kwa wakubwa wao," akasema. "Wale waliopelekwa juma lililopita hawajarudi."

Nikamwambia yote. Mbambu, Kahindo, Biira. Papa Mbusa hakucheka wala hakukasirika. Aliuliza, "Yule agronome anajua?"

"Hapana."

"Basi yuko ndani anajaribu kuelewa, na hawezi. Hilo ni baya kuliko kamba." Akachukua mukebe uliokuwa umeangushwa na askari, akaanza kuunyoosha kwa jiwe.

Asubuhi nilikwenda camp. Nilifika kwenye kizuizi mara tatu na mara tatu nikageuka. Mara ya nne nikamgonga Mama Masika, aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda wote na sindano zake kifuani.

"Umeshamaliza kutembea?" akasema. "Twende."

Commandant alikuwa anakunywa kahawa amesimama. Mama Masika akaanza kabla hajaulizwa: "Mon commandant, huyu kijana iko mujinga, haiko muasi. Muasi anajua kusema. Huyu hata bonjour inamushinda."

"Aseme mwenyewe."

Sijui sauti ilitoka wapi. "Yale majina ni shangazi zangu."

"Shangazi zako ni waasi?"

"Hapana, mon commandant. Wanalima maharagwe Kalunguta."

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma, nikisahau, nikianza upya. Caporal wa Lubero alinisikiliza mdomo wazi. Commandant aliweka kikombe chini. Akasema, "Saa sita unionyeshe. Unionyeshe Mbambu, unionyeshe Kahindo, unionyeshe Biira. Nisipowaona, utaingia pale agronome iko."

Nimetembeza watu wengi, lakini sikuwahi kutembeza kundi kama lile. Mbele mimi. Nyuma yangu commandant, caporal, askari wawili wenye bunduki, na katikati yao Monsieur Anselme, suruali imekunjamana, mikono imefungwa mbele. Hakunitazama. Mama Masika alikatazwa kuingia, akabaki getini akisali rozari.

Mukebe ulikuwa umening'inizwa mahali pake. Umejazwa. Papa Mbusa hakuonekana.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nina tatizo jipya: ilibidi nimwamuru commandant.

"Mon commandant, kaa chini."

Caporal akashika pumzi.

"Chini wapi?"

"Chini. Mgongo kwenye muti. Na kofia uitoe, iko na chuma inayong'aa. Na hawa waweke bunduki kwenye majani, midomo ya bunduki inapiga jua."

Akatoa kofia, akakaa, kwa shida, kama gunia la chumvi linaloshushwa kutoka kwenye lori. Wengine wakakaa. Na niwaambie ukweli wa kazi: kati ya watazamaji wote niliowahi kuwa nao, askari ndio waliovaa vizuri zaidi, rangi ya majani tupu.

Tone. Tone. Hakuna kitu. Jasho likanishuka mgongoni. Askari mmoja alikuwa akitikisa goti bila kujua, nikaweka mkono wangu juu ya goti lake, likatulia. Leo nikikumbuka hilo ninashangaa sikupigwa.

"Ndege zako zinafunga bureau saa sita?" akanong'ona commandant.

"Zinakuja."

Wakaja kwanza wale wadogo wekundu kama pilipili, wawili. Commandant akanyosha shingo. "Hawa shangazi gani?"

"Hawa hawako kwenye liste."

"Ah."

Kisha akatua kwenye ukingo wa beseni, mweusi na mweupe. Hatua tatu, mkia juu, mkia chini. Akasimama. Akageuza kichwa huku na huku. Hatua nne nyingine, haraka, kifua mbele.

"Mbambu," nikasema.

Caporal akaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa anajizuia kucheka, mabega yanamruka. "Mon commandant, pardon. Mimi pia niko na tantine anatembea vile. Vile vile! Akienda kutafuta kesi."

Kahindo hawakukawia. Walikuja watatu, wakaingia majini pamoja, wote wakipiga kelele na hakuna anayesikiliza. Sikuhitaji kusema jina. Caporal mwenyewe alilisema.

"Mbili," akasema commandant. Hakuwa anacheka. "Ninataka Biira. Huyu wa barabara ya Mavivi."

Tukangoja. Monsieur Anselme alikuwa amefumba macho. Katani ilikuwa imemkata ngozi juu ya mifupa ya mkono, na nzi walitua pale naye hakuweza kuwafukuza. Nikawafukuza mimi. Kivuli cha mti kikatoka kwenye beseni. Wale wekundu wakaondoka. Kahindo wakaondoka. Kutoka bureau tukasikia kengele ya saa nane.

Commandant akavaa kofia. "Biira iko wapi?"

Na hapa, vijana, nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Anakuja sasa hivi, mon commandant. Yuko juu ya mti ule. Nimemsikia. Nilikuwa fundi wa kujaza nafasi tupu, nilikuwa nimefanya hivyo miezi yote. Nikamtazama Monsieur Anselme, na sasa alikuwa amefungua macho, ananisikiliza kama vile alivyokuwa akinisikiliza kila mara, kalamu mkononi.

"Sijui," nikasema.

"Atakuja?"

"Sijui, mon commandant. Siku nyingine anakuja, siku nyingine hapana. Hata mahali anapolala, mimi hapana jua. Wala jina lake la kweli sijui. La hawa wote, hata moja sijui. Niliona haya kusema."

Commandant alibaki amekaa. Alijifuta uso kwa kofia ile ile. "Juma zima," akasema, si kwangu, labda kwa beseni, "batu wananiambia banajua. Banajua waasi wako wapi. Banajua nani iko rafiki yao. Kila mutu anajua, na kila siku ninafunga mutu." Akanigeukia. "Muongo angesema Biira iko njiani."

Akamwambia caporal akate kamba.

Hawakuomba msamaha, na mimi sikutegemea. Wakaondoka. Caporal aligeuka mara moja kutazama kama Mbambu amerudi.

Tulibaki wawili. Monsieur Anselme alikuwa anajisugua mikono, polepole, damu irudi. Nilitaka kupiga magoti lakini nilikuwa tayari nimekaa, nikakosa njia ya kuanza.

"Huyu mwenye mkia wa kupanda na kushuka," akasema. "Jina lake la kweli?"

"Sijui, Monsieur."

"Wale watatu?"

"Sijui."

Aliuliza wote, mmoja baada ya mwingine, kwa kichwa, bila daftari. Sijui. Sijui. Kila jibu lilinitoka kama mwiba, linauma kisha mahali panapoa.

"Miezi yote hii, Kakule," akasema mwishoni. "Ungeniambia hujui, tungetafuta pamoja. Mimi pia nilikuwa sijui. Ndiyo maana nilikuwa nauliza."

Akanyanyuka, akapiga vumbi kwenye suruali, akaenda zake. Matembezi hayakurudi. Siku chache baadaye wakubwa waliotoka majimbo mengine waliondolewa kwa malori, na yeye alikuwa ndani ya mojawapo. Sikumuona akipanda. Bustani ikawa sehemu ya camp, kisha waasi, kisha camp tena, na miti mingi ikawa kuni. Nilirudi Kalunguta kwa miguu, baadaye nikapata kazi ya miti hapa Butembo, na hapa ndipo nilipozeekea.

Lakini kabla ya kuondoka Beni, Mama Masika aliniita kwenye baraza lake. Alinipa daftari. Jeshi lilikuwa limemrudishia Monsieur Anselme, naye aliliacha kwake kwa ajili yangu. Halikuwa na barua ndani. Alikuwa amefuta Mbambu, Kahindo, Biira na wengine wote kwa mstari mmoja ulionyooka, na kwenye ukurasa mpya aliandika upya kila ndege: ukubwa, rangi, mwendo, mahali. Mbele ya kila mmoja aliacha nafasi tupu, ya kutosha jina moja.

Kazi ya kuzijaza nafasi hizo ndiyo niliyoifanya kwa siri maisha yangu yote, chini ya kazi niliyoajiriwa. Nimewauliza wachoma makaa, wawindaji, bibi kizee sokoni Kalunguta aliyenifukuza mara mbili akidhani nimechanganyikiwa. Nikipewa jina, ninauliza mtu mwingine wa kijiji kingine kabla ya kuliandika. Mengine yalinichukua mwaka, moja lilinichukua hadi nikaoa. Sasa nafasi zimejaa zote ila moja.

Ni huyu. Mdogo kuliko Kahindo. Mgongo wa kijani kilichochoka, kifua cha majivu, mkia wenye rangi ya kutu. Hana alama yoyote ya kujivunia. Anakaa ndani ya kichaka chenye giza karibu na maji, na akitulia anainua bawa moja tu, analishusha, kisha anainua la pili, kama mtu anayepima makwapa ya shati jipya. Anakuja kuoga wa mwisho, wengine wakiisha kuondoka.

Nimeuliza kutoka Mavivi hadi Lubero. Basi ninawaomba ninyi munaosoma: ulizeni kwenu, wazee wangali hai, kisha muniandikie. Mwandiko mbaya si kitu, munauona wangu. Na ukiuliza ukakosa, niandikie hivyo hivyo kwamba hujui. Barua hiyo nayo nitaisoma vizuri, na nitaiweka ndani ya daftari.